UZI: Kutembea njia ya lami ya reli ya zamani, Ziwa Coeur d'Alene (Idaho): pa kuanzia, umbali, na kwa nini usitoke kwenye lami

Kiberenge (mwanzisha uzi)

Wadau wa Spokane, Coeur d'Alene, na hata mlioko Boise. Kila theluji ikiyeyuka swali ni lile lile: tutembee wapi na wazee na watoto bila kupanda mlima? Majibu huwa ya nusu nusu. Naanzisha uzi huu kwa ajili ya kipande cha ziwani tu cha Trail of the Coeur d'Alenes. Mwenye cha kuongeza aongeze.

Njia nzima ina maili 73 (km 117), kutoka Plummer upande wa magharibi hadi Mullan karibu na mpaka wa Montana. Yote ni lami. Ilikuwa reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1880 kufuata migodi ya fedha, risasi na zinki ya bonde lile, na baadaye ikawa mali ya Union Pacific. Treni zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, njia ikafunguliwa rasmi 2004. Inasimamiwa na pande mbili, idara ya hifadhi ya jimbo la Idaho na kabila la Coeur d'Alene, kwa sababu kipande cha magharibi kinapita kwenye ardhi ya kabila. Kutembea hulipi chochote. Ukiegesha gari ndani ya hifadhi ya Heyburn unalipia gari, hiyo ni ya hifadhi.

Kwa nini ni rahisi: treni ya mizigo haipandi mwinuko mkali wala haikati kona kali, kwa hiyo tuta lake linakaa tambarare au linapanda polepole mno. Mguu wa mtu mzima unaridhika, goti la bibi linaridhika.

Vipande vitatu vya ziwani, kwa maili kuanzia Plummer (maili 0):

Plummer hadi ziwani, kama maili 6 za msituni. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Unaposhuka kwenda ziwani huhisi kitu, unadhani ni tambarare. Ukigeuka kurudi ni mpando mmoja mfululizo usio na pumziko. Ukianza Plummer na watoto, utawabeba kurudi.

Heyburn (kituo cha Chatcolet) hadi darajani na kuvuka, chini ya maili 2 kufika darajani. Tambarare, maji pande zote. Kama huna siku nzima, nenda hapa.

Darajani hadi Harrison (maili 15), kama maili 7 ukingoni mwa ziwa upande wa mashariki. Tambarare kabisa. Ukifika Harrison kuna choo, maji, chakula, aiskrimu, baiskeli za kukodi. Kati hapo hamna duka.

Sasa la muhimu. Lami ile haikuwekwa kwa starehe ya mtembeaji. Tuta la reli lilijengwa kwa mawe na makapi ya migodi (yale wachimbaji wa Geita huyaita marudio), na mabehewa yakawa yanamwaga vumbi la madini njiani kwa miaka mingi. Udongo ule una risasi, ile metali, pamoja na aseniki na zinki. Lami na kokoto za pembeni ni kifuniko. Ukishaelewa hilo, masharti yote ya vibao vya njiani yanajieleza yenyewe: baki kwenye lami, kula kwenye meza zilizotengwa, nawa mikono kabla ya kula, usinywe maji ya mto wala ziwa.

---

DadaWaGoma

Asante sana kaka Kiberenge. Nauliza kwa familia yenye mama wa miaka 70 anayetembelea fimbo, na mtoto wa miaka miwili kwenye kigari. Waanze wapi, na vyoo viko wapi?

---

Kiberenge

Dada, Chatcolet ndani ya Heyburn, bila kusita. Egesha, tumia choo hapo hapo, tembeeni kuelekea darajani. Mama akichoka mnageuka, hakuna mlichopoteza, maana ziwa mnaliona tangu mwanzo.

Vyoo vya uhakika ni Plummer, Heyburn na Harrison. Vituo vidogo vya kupumzikia vipo njiani, vina meza na benchi, lakini usipange safari ukitegemea kila kimoja kuwa na choo.

Hesabu ya mwendo: mtu mzima maili 3 kwa saa. Mama wa fimbo na mtoto anayeshuka kwenye kigari kila dakika kumi, maili 1 na nusu. Kwa hiyo saa mbili za kwenda na kurudi ni maili 3 jumla, yaani mnageukia maili 1 na nusu. Watu hupiga hesabu ya kwenda wakasahau kwamba gari liko nyuma.

---

FundiGurudumu

Niongezee ya magurudumu.

Daraja la Chatcolet lina futi 3,100, karibu mita 945. Zamani kipande chake cha katikati kilizunguka ili meli zipite. Walipolifanya la watembeaji, kipande kile kilinyanyuliwa juu moja kwa moja ili boti zipite chini. Sasa ili ufike pale juu kuna mpando kila upande, nao umegawanywa: unapanda kidogo, unakuta sehemu bapa, unapanda tena. Umekatwa hivyo ili mtu wa kiti cha magurudumu apumzike kila hatua.

Kwenye kupanda hamna shida. Shida ni kushuka. Kigari kikifika ukingo wa sehemu bapa kinadondoka mbele na kuongeza kasi, kisha kinagonga bapa inayofuata. Kamba ya mkononi ya kigari ivaliwe kwenye kifundo cha mkono, usiiache ikining'inia. Mwenye kiti cha magurudumu ashuke na msaidizi nyuma, na breki zijaribiwe pale chini kabla ya kupanda. Waendesha baiskeli wanaoanza washuke waikokote.

Juu ya daraja hakuna kivuli na upepo wa ziwa haukatizwi na kitu. Kofia zinaruka. Mtoto mwenye kifua avalishwe koti hata kama maegeshoni kulikuwa na joto.

Kigari chenye magurudumu madogo ya plastiki, kile cha madukani, kinafaa mradi uwe mwangalifu na nyufa. Mizizi ya miti hunyanyua lami ikawa na matuta ya kukatiza njia, na gurudumu la mbele linalojizungusha hukwama hapo hapo. Lifunge lisizunguke. Cha magurudumu makubwa ya upepo kinapita bila kujali, ila jaza upepo nyumbani.

---

Mlima_Meru

Wakuu mbona mnatisha watu na risasi? Njia imejaa watu kila wikiendi, wazungu wanapita na watoto wao na hakuna anayeanguka. Lami ishafunika, basi yameisha.

---

MuuguziKakuma

Mkuu Mlima_Meru, risasi haimwangushi mtu njiani. Ingekuwa hivyo kila mtu angeiogopa. Inaingia kidogo kidogo kwa mkono na mdomo, inakaa kwenye damu kisha kwenye mifupa, na kwa mtoto inagusa ubongo unaokua. Mwili wa mtoto unafyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Asiyepata chuma na kalsiamu ya kutosha anafyonza zaidi bado. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kipimo ambacho Marekani hukitumia kuchukua hatua kwa mtoto ni mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu.

Na bonde lile lina historia yake. Migodi ilimwaga makapi moja kwa moja kwenye mto Coeur d'Alene hadi 1968. Septemba 1973 moto uliteketeza vichujio vya moshi vya kiwanda cha kuyeyushia cha Bunker Hill, Kellogg, na kiwanda kikaendelea kufanya kazi. Watoto wa pale walikutwa na risasi nyingi mno kwenye damu. Kiwanda kilifungwa 1981, na 1983 eneo likaingizwa kwenye orodha ya serikali kuu ya maeneo ya kusafishwa. Usafi bado unaendelea. Kellogg iko mbali na ziwa, ni kweli, lakini mto unashuka toka huko na kumwaga maji yake Harrison.

Hata hivyo hoja yako ina nusu ya ukweli: mtembeaji aliyebaki juu ya lami akanawa kabla ya kula, hatari yake ni ndogo sana. Ndiyo maana tunaandika haya, watu waende.

Yafanyike hivi. Galoni moja ya maji ya kunawia kwenye buti la gari, na sabuni ya kawaida. Jeli ya kuua vijidudu haiondoi risasi, inaipakaza tu mkononi. Kitambaa chenye unyevu ni afadhali kuliko kukaa bila kitu, lakini sabuni na maji yanayotiririka ndiyo dawa. Nawa kabla ya kila mlo, si mwisho wa siku. Chuchu ya bandia au chupa ikianguka, isirudishwe mdomoni hata ukiipangusa. Beba ya akiba kwenye mfuko. Viatu vivuliwe kabla ya kuingia ndani ya nyumba, mikeka ya gari ipanguswe kwa kitambaa kibichi, usiikung'ute maana unalirusha vumbi. Mbwa naye anarudi na udongo kwenye makucha.

Kina mama wajawazito: wale waliozoea kutafuna udongo, kwa jina lolote mnaloliita kwenu, udongo wa bonde hili usiguse mdomo. Na mtoto mkimbizi akifika Marekani anatakiwa kupimwa risasi kwenye vipimo vya mwanzo. Kama hakupimwa, muombe daktari. Mara nyingine chanzo ni sufuria zilizofuliwa kwa vyuma chakavu, lakini hiyo ni mada yake.

---

Mlima_Meru

Nimekupata muuguzi. Swali: watoto wakitaka kucheza mchanga ufukweni pale Harrison?

---

MuuguziKakuma

Soma kibao cha ufukwe husika kwanza. Baadhi ya fukwe zimewekewa mchanga safi, nyingine ni matope ya mto. Pasipo kibao wala mchanga ulioletwa, wasichimbe. Tope laini la kijivu ndilo baya zaidi. Makapi yalisagwa kuwa laini, yakasafiri na maji, yakatua pale maji yanapopunguza kasi. Sakafu ya ziwa inakadiriwa kubeba tani milioni 75 za tope hilo.

Kwa sababu hiyo hiyo kuwa mwangalifu mwezi wa nne na wa tano. Mto ukifurika unaweza kupanda juu ya njia, na ukishuka unaacha tope juu ya lami. Kifuniko hakisaidii kama uchafu uko juu yake. Tope likikauka kwenye lami, geuka, usilikanyage wala kulipita na kigari.

---

Mvuvi_Kasanga

Na samaki? Darajani mnaona watu na ndoano.

---

Kiberenge

Leseni kwanza. Idaho, kuanzia umri wa miaka 14 lazima uwe nayo. Pia kumbuka Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua 2001 kwamba theluthi ya kusini ya sakafu ya ziwa ni ya kabila, na daraja liko upande huo. Maji ya kabila yana kibali cha kabila. Uliza ofisi ya hifadhi Heyburn kabla ya kutupa ndoano.

---

MuuguziKakuma

Kwenye kula, kuna ushauri rasmi wa afya kuhusu samaki wa ziwa hili, mkali zaidi kwa watoto na wajawazito, nao unatofautiana kwa aina ya samaki. Usome kabla. Kinachotugusa sisi ni upishi. Risasi hukaa zaidi kwenye mifupa na viungo vya ndani, na kwetu samaki hupikwa mzima: kichwa kwenye supu, miba inatafunwa. Kwa samaki wa huku, toa minofu, tupa ngozi, kichwa, mifupa na matumbo. Supu ya kichwa pikia samaki wa dukani.

Vilevile msichume mboga za majani, uyoga wala mizizi ya majini kando ya njia. Watu wa kabila la Coeur d'Alene wana kiazi cha majini wanachokivuna tangu enzi za mababu, na hata wao uchafu umewanyima sehemu kubwa ya mavuno hayo. Bata maji wakubwa weupe wanaopita masika hula mizizi hiyo kwenye vinamasi vya mto na kufa kwa risasi.

---

Boise_Kwetu

Tunatoka Boise, ni mwendo wa takriban saa saba. Tukiwa na magari mawili, tunaweza kuacha moja Plummer na jingine Harrison tutembee maili zote 15 upande mmoja?

---

FundiGurudumu

Inawezekana, ila angalia ramani kabla ya kushangilia. Njia inavuka ziwa kwa daraja, barabara haivuki. Kwa gari kutoka Plummer hadi Harrison unashika barabara namba 5 mpaka St. Maries, kisha namba 3, kisha 97: karibu saa nzima yenye kona. Ukiacha gari Harrison, ukarudi Plummer kuanza, tayari asubuhi imekatika. Afadhali watu washuke Plummer waanze kutembea, na madereva wapeleke magari Harrison wakutane nao huko baadaye.

Au gawanyikeni: kundi moja lianzie Chatcolet, jingine Harrison, mkutane katikati mbadilishane funguo. Hapo kila mtu anatembea kama maili 8 tambarare na kukuta gari mbele yake. Hakikisheni funguo mnabadilishana kweli.

Na saa! Boise iko mbele kwa saa moja ukilinganisha na Idaho ya kaskazini. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi haitajirekebisha.

Maili 15 kwa mtu asiyezoea ni saa 5 za kutembea pamoja na mapumziko ya saa moja au zaidi. Lami ni ngumu kwa nyayo kuliko udongo: hatua ni ile ile kila mara, malengelenge yanatokea pale pale. Soksi zisiwe za pamba, viatu vya kukimbilia vinatosha, na visiwe vipya. Kandambili ziwe za kuvaa mkifika Harrison kula aiskrimu, si za kutembelea.

Maji: nusu lita kwa kila saa kwa mtu, na julai au agosti joto likipita nyuzi 30 fanya lita nzima. Kipande cha darajani hadi Harrison usitegemee bomba.

---

Nyota_ya_Uvira

Hii ndiyo ile njia yenye handaki refu la giza?

---

Kiberenge

Hapana, hiyo ni Route of the Hiawatha, mpakani mwa Idaho na Montana. Ile si ya lami, inalipiwa tiketi, inahitaji taa, na wengi wanaipita kwa baiskeli. Watu huzichanganya kila mwaka halafu wanafika Harrison na kofia zenye taa.

---

Mlima_Meru

Kwa mtu ambaye hataki kabisa kuwaza habari za udongo, kwa nini asiende Centennial Trail pale mjini Coeur d'Alene? Nayo ni lami, mwisho wake Higgens Point iko juu ya ziwa hilo hilo.

---

FundiGurudumu

Kwa mwenye mtoto anayetia kila kitu mdomoni, ni ushauri mzuri na siupingi. Tofauti ni mbili. Kipande kile cha ziwani kilikuwa barabara ya magari, siyo reli, kwa hiyo kina vilima vya kweli. Na hupati ukimya, barabara iko jirani. Kiti cha magurudumu bado ningekipeleka Chatcolet.

---

Kiberenge

Sheria ya kupishana, kwa waliozoea Tanzania, Kenya na Uganda: huku ni kulia. Waliotoka Kongo, Rwanda na Burundi hawana tatizo. Baiskeli ikitoka nyuma, mwendeshaji atapiga kengele au kutamka kwamba anapita kushoto kwako. Kosa la kawaida ni mtu kusikia neno "kushoto" kwa Kiingereza akaruka kushoto, mbele ya baiskeli. Baki kulia, endelea na mwendo wako. Familia isijipange mstari mmoja kukata njia nzima; wawili wawili inatosha, na kwenye kona mmoja mmoja.

Mkitaka kusimama kupiga picha, simameni ukingoni mwa lami, mtoto akiwa upande wa nje.

---

DadaWaGoma

Na wanyama? Kuna mtu amesema kuna mnyama mkubwa kuliko farasi.

---

Kiberenge

Musi, jamii ya kulungu, dume lake linazidi farasi kwa kimo. Anapenda vinamasi, kwa hiyo utamkuta zaidi ukipita Harrison kuelekea mtoni kuliko upande wa daraja. Ana sura ya upole inayodanganya. Jike lenye ndama mwezi wa tano na wa sita ndilo la kuogopa. Akiwa juu ya njia, simama mbali, subiri aondoke; akikataa, rudi. Usimzunguke kwa kushuka kwenye majani. Masikio yakilala nyuma na nywele za shingo zikisimama, kimbia ujifiche nyuma ya mti. Mbwa afungwe kamba muda wote, maana musi humwona mbwa kama mbwa mwitu.

Kupe wapo kuanzia machi hadi juni, majanini. Sababu nyingine ya kubaki kwenye lami. Jikagueni nyuma ya magoti, kiunoni na kichwani kwa watoto mkifika nyumbani.

Juu ya nguzo mtaona viota vikubwa vya vijiti. Ni vya furukombe wavuvi, mwewe wa samaki, wanaotoka kusini masika na kuondoka kabla ya baridi.

---

Nyota_ya_Uvira

Mwezi gani ni mzuri basi? Na asubuhi au jioni?

---

FundiGurudumu

Juni na septemba, ikiwa hakuna moshi. Agosti na mwanzo wa septemba misitu huungua mahali fulani na bonde hujaa moshi. Angalia kipimo cha uchafu wa hewa (AQI) asubuhi ile ile, kikipita 100 wenye pumu na wazee wabaki nyumbani, kikipita 150 wote. Oktoba ni pazuri pia, miti ya njano, ila jua linazama mapema na njia haina taa.

Kati ya daraja na Harrison nenda asubuhi. Njia iko ukingo wa mashariki, kilima kiko nyuma yake, kwa hiyo kivuli kinakaa mpaka jua lipande. Mchana likishavuka, linakupiga usoni na linarudi tena kutoka majini.

Simu hupotea mtandao sehemu kadhaa. Njiani kuna vibao vya maili; kila mkipita kimoja, mtu mmoja akikariri namba yake. Mkipiga 911, namba ya dharura, mseme jina la njia, namba ya maili, na kama mko kabla au baada ya daraja. Ukisema tu "kando ya ziwa", hawatajua waanzie wapi.